USIMAMIZI WA SAMAKI WA ZIWA LETU NA WAJIBU WA CHAMA

Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu



Mkutano Mkuu uliotangulia uliiagiza Halmashauri ichunguze jinsi Serikali inavyosimamia uvuvi na ufugaji wa samaki katika ziwa letu, kisha ieleze mbele yenu yale ambayo chama chaweza kufanya. Agizo hilo lilitokana na maombi ya mikopo yaliyomfikia Mweka Hazina. Wanachama wengine waliomba fedha za kununua nyavu. Wengine waliomba fedha za kutengeneza vizimba vya kufugia samaki. Nao akina mama wauzao omena waliomba fedha za kununulia unga katika miezi ambayo uvuvi wa omena umefungwa. Mfuko wetu ni mdogo, wala hauwezi kuyatimiza maombi yote matatu. Hapana budi tuchague, na hatuwezi kuchagua vema bila kuyajua mambo ya ziwa lenyewe.

Maoni yetu twayataja mapema, ili kila mmoja wenu ayapime tunapoendelea. Tumeona kwamba sheria za ziwa zina sababu nzuri, na wataalamu hawakosi elimu. Kinachokosekana mara nyingi ni chakula cha nyumba ya mvuvi katika siku zile ambazo sheria yamtaka aache kuvua. Sheria ya ziwa huvunjwa jikoni kabla haijavunjwa majini. Na jikoni ndiko chama cha kusaidiana kama chetu kinakoweza kufika, mahali ambapo motaboti ya Serikali haifiki.

Tuanze na mambo ya kale kwa ufupi. Wazee wetu, Wajaluo, Wasuba na Wasamia, walivua kwa vikapu, mitego na ndoana. Samaki waitwao ningu walipopanda mitoni wakati wa mafuriko ili kutaga mayai, walinaswa kwa vizuizi vilivyoitwa kek. Siku hizo hapakuwa na afisa wala leseni. Lakini pia hapakuwa na soko lililoweza kuwamaliza samaki wote, maana samaki hakuweza kupelekwa mbali kabla ya kuoza.

Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, soko lilipanuka mara moja. Mwaka wa 1905 zikaingia nyavu za kitani za kutega, nazo zikavua ngege kwa wingi usiopata kuonekana. Ngege huyo wa kale si yule tumnunuaye leo sokoni kwa jina hilo hilo. Yeye alikuwa samaki wa asili wa ziwa hili, na sasa ni adimu sana. Kabla ya miaka 25 kupita, wavu uliokuwa ukileta samaki wengi ulikuwa ukileta wachache. Mwenye wavu mmoja alinunua wa pili, na mwenye wawili akanunua wa tatu, ili tu apate kiasi kile kile alichokuwa akipata zamani.

Mwaka wa 1927 na wa 1928 mtaalamu aliyeitwa Michael Graham alizunguka ziwa zima akiwachunguza samaki, na taarifa yake ikachapishwa mwaka wa 1929. Alishauri kwamba macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, kipimo kikichukuliwa wavu ukiwa umevutwa, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. Alionya pia kwamba kumleta ziwani samaki mgeni, mkubwa na mla wenzake, ni hatari kubwa isipotanguliwa na uchunguzi wa kutosha. Maonyo hayo mawili yafaa tuyakumbuke, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo.

Onyo la kwanza liligeuzwa kuwa sheria. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka wa 1947, ilianzishwa idara moja ya kuusimamia uvuvi wa ziwa zima kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na kituo cha utafiti kikawekwa Jinja. Idara hiyo ilikuwa na maafisa, mashua na daftari za kuhesabia samaki. Lakini tazameni yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo hazikuoza upesi kama za kitani na zilivua zaidi. Mvuvi aliyetii sheria ya inchi 5 alirudi mkono mtupu, na jirani yake mwenye wavu wa macho madogo alirudi na kitoweo. Sheria ikawa yamwadhibu mtiifu. Maafisa hawakutosha kulinda fuo zote, na kati ya mwaka wa 1956 na 1961 sheria ile iliondolewa, nchi moja baada ya nyingine. Kenya ilikuwa ya mwisho.

Onyo la pili halikusikilizwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, alitiwa ziwani. Kwa miaka kadhaa hakuonekana sana. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, akajaa kila mahali. Samaki wadogo waitwao fulu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, wakatoweka kwa sehemu kubwa. Katikati ya miaka ya 1970 samaki wote waliovuliwa upande wa Kenya kwa mwaka mmoja hawakufika tani 20,000. Mwisho wa miaka ya 1990 walikaribia tani 200,000. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa hapa Kisumu, minofu ikapelekwa Ulaya, na sisi tukabaki na mgongo wazi.

Hatusemi kwamba mbuta alileta hasara tupu. Wengi waliomo ukumbini humu walisomeshwa kwa fedha za mbuta, na nyumba nyingi za mabati ukingoni mwa ziwa zilijengwa kwa fedha hizo. Lakini neema hiyo ilikuwa na milango michache, na funguo zake zilikuwa mbali. Mwaka wa 1999, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu, nchi za Ulaya zilikataa samaki wa ziwa hili. Viwanda vikasimama, na mtu aliyekuwa akichukua barafu Kisumu kwenda kuhifadhi samaki wake Mbita akakosa mnunuzi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuishika sumu kwa mkono wake. Kisha samaki wenyewe wakapungua. Mwishoni mwa miaka ya 2010 samaki wote wa upande wetu walikuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka, nusu tu ya zile za miaka ya neema, na idadi ya watu wanaowategemea haikupungua.

Sasa tueleze ni nani anayelisimamia ziwa katika siku zetu. Wengi hulalamika kwamba maafisa ni wengi na hawajulikani. Malalamiko hayo yana haki, basi tutawapanga kwa safu, kila mmoja na kazi yake.

Safu ya kwanza ni ya nchi zote. Kenya ina sehemu 6 tu kwa mia za ziwa hili. Uganda ina 43 na Tanzania 51. Samaki hajui mpaka, na wavu uliotegwa Muhuru humpunguzia samaki mtu wa Musoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, utafiti wa pamoja nao ulivunjika, na kila nchi ikafanya yake. Ndipo tarehe 30 Juni 1994, hapa hapa Kisumu, nchi tatu zilipotia sahihi mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja. Shirika hilo halimkamati mtu. Kazi yake ni kuzipatanisha nchi, ili kipimo cha wavu kiwe kimoja na hesabu ya mitumbwi ifanywe pande zote kwa namna moja. Tangu mwaka wa 2000 hesabu hiyo imekuwa ikifanywa kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa hesabu hizo twajua kwamba upande wa Kenya una fuo zaidi ya 300 na wavuvi zaidi ya 40,000.

Safu ya pili ni ya Serikali ya Taifa. Mwaka wa 1979 vilianzishwa vyombo viwili. Kimoja ni taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iitwayo KMFRI, ambayo ina kituo hapa Kisumu. Wao hupima maji, huhesabu mayai na vifaranga, na huishauri Serikali. Cha pili ni Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, ambayo makao yake yako mjini humu na ambayo kituo chake cha Kibos kimezalisha vifaranga kwa wafugaji. Kisha Sheria Namba 35 ya mwaka 2016 ilianzisha shirika la kutoa huduma za uvuvi nchini, lenye kazi ya kutunga kanuni na kuzisimamia. Na mwaka wa 2018 kikaundwa Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho hulinda majini, ziwani pia.

Safu ya tatu ni ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliziwekea serikali za kaunti kazi za uvuvi pamoja na kilimo na mifugo. Kaunti zinazogusa ziwa ni tano: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Afisa wa samaki mnayemwona ufuoni akipima na kuandika huenda ni mtumishi wa kaunti, na kanuni anayoifuata huenda imetoka Nairobi. Yafaa kujua hivyo, ili malalamiko yapelekwe kwenye mlango wake.

Safu ya nne ni sisi wenyewe. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya kusimamia fuo, ambavyo wote mwaviita BMU. Humo hujiandikisha mwenye mtumbwi, mvuvi aliyeajiriwa, mama anayechuuza na fundi wa nyavu. Wote ni baraza la ufuo, na baraza huichagua kamati. Kikundi huandika samaki wanaoshushwa, hutunza usafi, hupendekeza kanuni ndogo za mahali pale na husaidia kulinda mazalio ya samaki. Kwa maneno mengine, ile kazi iliyowashinda maafisa wa mwaka 1947 kwa uchache wao imerudishwa mikononi mwa watu wa ufuo. Heshima hii ni kubwa, lakini ina mzigo wake. Mkutano wa baraza usipohudhuriwa, kamati huwa ya watu wachache wenye mitumbwi mingi, na daftari huandikwa wapendavyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya watu, tuziangalie kanuni zenyewe na sababu zake, maana mtu hutii kwa moyo lile analolielewa.

Wavu wa kutega mbuta na ngege hautakiwi kuwa na macho yaliyo chini ya inchi 5. Mbuta anayefaa kuvuliwa ni wa urefu wa sentimita 50 mpaka 85. Wengi wamekubali kwamba mdogo aachwe akue, lakini huuliza kwa nini mkubwa naye aachwe. Jibu ni kwamba mbuta mkubwa sana aghalabu ni jike, na mayai ya jike mmoja mkubwa hupita mbali sana mayai ya majike kadhaa wadogo. Kumvua huyo ni kama kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu tu ana nyama nyingi. Nyavu za uzi mmoja zimekatazwa kwa kuwa hazionekani majini, na zikipotea huendelea kunasa na kuua bila ya mwenyewe. Juya la kukokota ufuoni limekatazwa kwa sababu hukwangua mahali ambapo ngege hufanya viota na kulea watoto wake.

Wavu wa omena haufai kuwa na macho yaliyo chini ya milimita 10. Na kwa miaka mingi uvuvi wa omena upande wa Kenya umekuwa ukifungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, ili samaki huyo apate nafasi ya kuzaa na kukua. Omena ni mdogo lakini ana bahati ya kuzaa upesi na kukua upesi. Akipewa nafasi hurudi. Ndiyo sababu ameweza kuvumilia wakati ambapo wengine wameisha.

Hapa tumefika kwenye jambo lenyewe. Miezi minne si siku nne. Uvuvi wa omena hufanywa usiku wa giza, zamani kwa taa za karabai na sasa kwa taa za umeme wa jua, na kila mtumbwi unaotoka huwalisha watu wengi kuliko wale waliomo. Yupo mwenye mtumbwi, wapo vijana wa kuvuta wavu, wapo akina mama wanaonunua asubuhi na kuanika, wapo wachukuzi, na yupo auzaye chai ufuoni. Ikifika Aprili, wote hao husimama siku moja. Karo za muhula wa pili huja katika miezi hiyo hiyo. Shamba, kwa yule aliye nalo, bado halijaiva. Basi usiku mmoja mtu hutoka kwa siri. Akikamatwa hupoteza wavu na mtumbwi, nyumba yake huanguka kabisa, na watoto hurudishwa kutoka shuleni. Asipokamatwa, jirani yake humwona, naye hutoka usiku wa pili.

Jambo la pili lahusu akina mama, nalo yapasa lisemwe kwa heshima lakini lisifichwe. Samaki wakipungua, anayeuza huwa na nguvu juu ya anayenunua. Huko ndiko ilikoota mizizi ile desturi ya aibu iitwayo jaboya, ambayo mwanamke hapewi samaki mpaka autoe na mwili wake. Desturi hiyo imeeneza maradhi na kuvunja nyumba. Mahubiri peke yake hayakuiondoa. Mwaka wa 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, huko Nyakach, walijaribu njia nyingine: walipata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wavuvi, na samaki wakawa wao tangu majini. Kwa bahati mbaya mwaka wa 2020 ziwa lilijaa kupita kipimo cha mwaka 1964, na mafuriko yakawahamisha watu wa ufuo huo. Hata hivyo walionyesha kwamba mwenye chombo hapangiwi bei ya aibu.

Tugeukie ufugaji, kwa sababu wako wanaosema: tuache kugombania ziwa, tufuge. Ushauri huu ni mzuri, lakini si mpya. Katika miaka ya 1960 Serikali iliwahimiza watu wale samaki zaidi, na mabwawa mengi yakachimbwa Nyanza na Magharibi. Katika miaka ya 1970 mengi yaliachwa yakaota majani, kwa kukosa vifaranga vyema na mafunzo. Mwaka wa 2009 Serikali ilirudi tena na mpango mkubwa zaidi: mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, kila bwawa la mita mraba 300, na majimbo yaliyochaguliwa mwanzoni yalikuwa 140. Vijana wakalipwa kuchimba, na wenye mabwawa wakapewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Wengine waliendelea na wangali wanavuna. Wengine wengi, msaada ulipokwisha, nao walikwisha. Kuchimba bwawa si kufuga. Aliyepewa bwawa bila kujua atapata wapi chakula cha samaki cha mwaka wa pili alikuwa amepewa shimo.

Sasa vimekuja vizimba, ambavyo ni nyavu zilizofungwa kwenye fremu na kuelea ziwani, na ndani yake ngege hulishwa mpaka wafae kuuzwa. Katika miaka ya 2010 viliongezeka upesi katika kaunti zote tano, hata vikawa maelfu. Baadhi ni vya makampuni makubwa, na baadhi ni vidogo vya mita 2 kila upande, mali ya vikundi na watu binafsi. Faida yake ni wazi: samaki huvunwa bila kungoja giza la mwezi, na vijana hupata kazi. Lakini yako mambo manne ambayo anayeomba mkopo wa kizimba ni lazima ayajue.

Kwanza, chakula ndicho kinachokula fedha. Zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga hutumiwa hapo. Mwenye fedha za kizimba na vifaranga tu hajaanza safari. Pili, mahali pana maana kuliko chuma. Penye maji yasiyo na kina wala mkondo, hewa iliyomo majini hupungua, na samaki wote wa kizimba huweza kufa kwa usiku mmoja. Mwaka wa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipata hasara kubwa kwa namna hiyo. Wataalamu wa KMFRI wamepima na kuchora mahali panapofaa na pasipofaa, na ushauri wao yafaa utafutwe kabla ya fundi wa chuma kuitwa. Tatu, kizimba huhitaji kibali cha uvuvi, ukaguzi wa mazingira na ridhaa ya watu wa ufuo, maana maji ni ya wote, na vizimba vikipangwa ovyo huziba njia za mitumbwi na kuyakalia mazalio. Nne, omena mwenyewe husagwa na kutiwa katika vyakula vya mifugo na samaki. Hivyo kizimba hakiliondolei ziwa mzigo wote. Huenda ngege wa kizimba anakula omena ambaye angekuwa kitoweo cha mtoto wa jirani.

Kutokana na hayo, Halmashauri yaleta mbele yenu mapendekezo matatu, ili myajadili na kuyapigia kura.

Pendekezo la kwanza lahusu nyavu. Mfuko ukubali kukopesha fedha za nyavu, lakini kwa nyavu za kipimo halali tu, na zinunuliwe na Mweka Hazina pamoja na mkopaji, zipimwe mbele ya wote wawili. Fedha za chama zisinunue wavu wa kumfilisi mwanachama mwingine.

Pendekezo la pili ndilo kubwa. Tuanzishe akiba maalumu, iitwe Akiba ya Aprili. Hesabu yake ni nyepesi. Omena huvuliwa miezi minane, tangu Agosti mpaka Machi, na hukatazwa miezi minne. Tuseme mtu hupata shilingi 3 kila mwezi. Atakuwa na 24 kwa miezi minane. Akiweka shilingi 1 kila mwezi na kutumia 2, akiba yake itakuwa 8, na katika miezi minne atatumia tena 2 kila mwezi, bila kupungukiwa. Asiyeweza kuweka theluthi aweke sudusi, yaani nusu shilingi: atatumia shilingi 2 na nusu katika miezi ya kuvua, na shilingi 1 katika miezi ya kufunga. Shilingi hiyo moja yaweza kuwa ndiyo itakayomzuia kutoka usiku. Zidisheni hesabu hiyo kwa mapato yoyote mtakayo, uwiano haubadiliki. Fedha zikusanywe ufuoni kila juma, ziandikwe mbele ya mwenyewe, na zirudishwe kwa mafungu manne, tarehe ya kwanza ya Aprili, Mei, Juni na Julai, wala si zote kwa siku moja. Mama anayechuuza awe na kitabu chake kwa jina lake, si kwa jina la mume wala la mwenye mtumbwi.

Pendekezo la tatu lahusu vizimba. Mfuko usimkopeshe mtu mmoja mmoja fedha za kizimba. Ukopeshe kikundi cha wanachama wasiopungua watano, chenye kibali mkononi, chenye ushauri wa mahali ulioandikwa na wataalamu, na chenye fedha za chakula mpaka siku ya kuvuna. Asiyetimiza hayo tusimwonee haya kumwambia angoje.

Twaomba pia mkutano huu uwaandikie wakubwa wa Serikali na wa kaunti zetu barua moja yenye maneno matatu. Neno la kwanza: ikiwa tarehe za kufunga au kufungua uvuvi zitabadilika, tuambiwe mapema, tangu Agosti, ili watu wajiwekee akiba. La pili: nyavu zilizokatazwa hazisukwi ziwani. Zaja kwa malori na huuzwa madukani. Ikiwa mvuvi atashikwa na wavu wake majini, basi na muuzaji wa jumla ashikwe na robota zake mjini. La tatu: sehemu ya ada zinazolipwa ufuoni ionekane ufuoni, kwa choo, kwa barafu, na kwa meza za kuanikia, kwa sababu omena aliyeanikwa mezani hana mchanga na bei yake ni nzuri kuliko ya yule aliyeanikwa chini. Barua hiyo iandikwe kwa adabu, kama watu wanaotimiza wajibu wao na wanaotaka wajibu wa wenzao nao utimizwe.

Huenda mtu akauliza: je, sisi tuweke akiba na kungoja, na wale wa ng'ambo ya mpaka au wa ufuo wa pili wavue? Swali hili ni la kweli, nasi hatuna jibu la kumfurahisha kila mtu. Twaweza kusema tu kwamba sheria ya inchi 5 haikuanguka kwa sababu ilikuwa mbaya. Ilianguka kwa sababu kila mtu alimtazama jirani, wala hapakuwa na mtu aliyeiuliza nyumba ya mtiifu italala na nini. Ngege wa wazee wetu hakurudi. Omena bado yupo, naye hutuomba miezi minne tu kwa mwaka. Tukiweza kuzilisha nyumba zetu miezi hiyo kwa jasho letu la miezi minane, tutakuwa tumeisaidia Serikali katika jambo ambalo haiwezi kulifanya kwa mashua wala kwa bunduki.

Daftari la Akiba ya Aprili liko juu ya meza ya Mweka Hazina, kurasa zake zingali nyeupe. Mkilikubali pendekezo, uandikishaji utaanza leo kabla ya chakula cha mchana, na wajumbe wa Halmashauri watakuwa wa kwanza kuandika majina yao.